Spika za Mzee Melkiori na Bomu la Nchi Jirani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, linakuruhusu kushuka bondeni? Nimesikia mwaka huu mto ulipanda ukashuka kwa adabu, na mpunga umesimama vizuri. Mfikishie Baba shikamoo yangu, ila barua hii naomba uisome peke yako kwanza. Ndiyo maana nimeipitisha kwa Dada Yustina huko Mngeta akuletee mkononi. Mimi ni mzima, nimenenepa kidogo, na baridi ya huku tumeshazoeana kama wapangaji wa nyumba moja wasiosalimiana.

Habari za kufaulu mlizisikia kwenye simu. Vigelegele vyako vilinifikia vimekatikakatika, lakini nilivitambua, nikacheka mbele za watu kwenye korido ya chuo. Siku hiyo nilipika wali kwa ule mchele mlionipa kutoka Ifakara, niliokuwa nimeuficha chini ya kitanda nisije nikaula siku ya kawaida. Wenzangu wanne walikula mpaka ukoko. Mama, nina furaha mpaka nikitembea barabarani najikuta natabasamu, na watu wa huku hawajui wanifanyeje.

Lakini simu ya Baba husikilizwa na mtaa mzima, kwa hiyo kuna jambo sikulisema. Nimefaulu kwa sharti. Kuna ukurasa mmoja wanautaka kabla ya kunipa cheti, na maneno ya ukurasa huo unayo wewe tu. Nieleze tangu mwanzo.

Kwanza nifute uvumi. Nimesikia Baba amewaambia wanajumuiya kwamba nasomea bomu la nyuklia, na kwamba mama mmoja wa kwaya sasa ananiombea nitubu. Sitengenezi bomu, Mama. Hata jiko la gesi la huku mwanzoni lilinishinda. Mimi nasoma kwa nini watawala fulani wanalitaka. Nchi hii ninayoishi ina hasimu wake ng'ambo ya mpaka, na kila mara hasimu huyo hutangaza kwamba analikaribia. Jina lake siliandiki, maana Baba akilijua, kesho linajadiliwa stendi.

Unakumbuka mara ya kwanza walimu walipoirudisha kazi yangu ya utafiti. Nilikuwa nimehesabu kila kitu: vinu vyao, makombora yao, wataalamu wao. Walimu wakaniambia kazi ni safi, lakini haijibu swali. Nililia siku mbili, kwa sababu ukirudishiwa kazi mara ya pili ufadhili unakwisha na unafungashiwa virago. Siku ya tatu nilianza upya. Niliacha kuhesabu vinu, nikaanza kusoma ugomvi wao wa ndani, nani anamwinda nani, kiti cha nani kinayumba. Hapo ndipo nilipomwona Mzee Melkiori.

Usicheke. Kumbuka ule mwaka maji yalipojaa mpaka Baba akaliongezea nguzo dungu letu la kuamia ndege, tusilale majini kama kambale. Sisi tulikimbia mafuriko tu. Mzee Melkiori, kule ng'ambo ya mfereji, akawaambia ndugu zake kwamba tumepandisha dungu ili tulichungulie shamba lao. Naye akalijenga lake juu zaidi. Tukafunga kamba za makopo, akafunga zenye makopo mengi zaidi. Tukipiga debe, ndege wanahamia kwake. Akipiga yeye, wanarudi kwetu. Kwelea kwelea walikuwa wanashiba pande zote mbili, na sisi tumepasuka sauti. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Halafu akatangaza kwamba analeta jenereta na spika kubwa za harusini. Hapo Baba alichanganyikiwa kabisa. Spika zile zingesukuma ndege wote wa bonde zima kwenye masuke yetu, nasi hatukuwa na shamba lingine. Baba akasema tutaleta zetu, kubwa zaidi. Mimi nilikuwa darasa la sita, na nilimuunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu nilitaka sana kusikia muziki shambani.

Wewe ndiye uliyeuliza, tena ukiwa unapepeta, hata hukuinua kichwa: "Kwani kila akitupigia kelele, huwa anamwangalia nani?"

Baba akasema anatuangalia sisi.

"Hapana. Anamwangalia Damasi."

Na kweli. Damasi, mdogo wake, alikuwa ameanza kusikilizwa kuliko yeye. Vijana wa ukoo walikuwa wanamwendea Damasi kuuliza lini walime, lini wavune. Mzee Melkiori alikuwa anaishiwa na ukubwa, na kila akitupiga mkwara, ndugu wote walirudi nyuma yake, kwa sababu nani atampinga kaka mkubwa wakati adui yuko ng'ambo ya mfereji? Sisi tulipojibu kwa debe, tulikuwa tunampa nguvu bila kujua. Damasi aliyetaka tuzungumze akaitwa kibaraka wetu.

Mama, niliposoma hotuba za wale watawala nilikuta mambo ni yale yale. Maneno makali ya bomu hayatoki wakati wanapoiogopa sana nchi hii. Yanatoka wakati mkubwa wao anapobanwa na wenzake, au majenerali wanapogombea nani ni mzalendo zaidi. Na kila huku wakiwatisha, kule wale wapole wananyamazishwa na wakali wanapanda cheo. Niliandika hivyo, na mwishoni, kwa kuwa usingizi ulikuwa umenizidi nguvu na haya imeniisha, nikaiweka habari ya madungu yetu kwa kurasa tatu.

Siku ya kuitetea kazi yangu walikaa walimu watano. Mmoja ni mama mtu mzima ambaye kabla ya kufundisha alikuwa akitumwa na serikali ya huku kuzungumza na hasimu yule yule. Nilimwogopa kuliko wote. Alifungua moja kwa moja zile kurasa tatu.

"Zile spika zilikuja?" akauliza.

Nikamwambia hazikuja. Nikamweleza kwamba siku moja ulijaza ungo pepeta, ule mpunga mchanga wa kukaanga na kutwanga, ya mavuno yetu ya kwanza, ukafunga khanga, ukavuka mfereji kwenda kwa Mama Sabina, mke wa Mzee Melkiori. Ulikaa huko mpaka jua likainama. Kesho yake Mzee Melkiori aliwakusanya ndugu zake, akatuita na sisi, akatangaza kwamba ameamua mashamba yote mawili yaamiwe ndege kwa zamu moja, msimamizi akiwa yeye. Damasi akapewa zamu ya asubuhi. Baba alikataa kuwa chini ya Melkiori, na wewe ukamuuliza unataka cheo au unataka mpunga. Tulivuna mwaka ule mpaka magunia yakalala sebuleni.

Wote walicheka, isipokuwa yule mama. Alivua miwani.

"Mama yako alimwambia nini yule mke?"

"Sijui," nikasema.

"Hukuuliza?"

"Nilikuwa mtoto. Na baadaye hakuna aliyeuliza. Kila mtu anajua kwamba aliyeamua ni Mzee Melkiori."

Akawaambia wenzake kwamba miaka yote aliyokaa kwenye meza zile za mazungumzo alikuwa akihesabu madebe, na mtu pekee aliyevuka mfereji kwenye kazi yangu ndiye ambaye sijamhoji. Wakanitoa nje. Waliponirudisha, waliniambia nimefaulu, ila nilete ukurasa wa maneno yale. Wamenipa muda wa kutosha barua kwenda na kurudi.

Basi ndiyo hivyo, Mama. Nakuomba uniandikie ulichomwambia Mama Sabina. Kiandike kama ulivyokisema, bila kupamba, na usimwachie Baba ashike kalamu, atatia chumvi.

Lakini tangu siku ile nimewaza jambo moja. Mzee Melkiori bado yupo, bado anapanga zamu kila masuke yanapotoka, na bado anasimulia alivyoamua. Wewe humsikiliza kama mtu anayesikia habari hiyo mara ya kwanza. Sasa naelewa kwa nini hukumwambia hata Baba. Ukiona kwamba kusema kutamvua mzee wa watu heshima yake, usiseme. Nitawaandikia walimu wangu kwamba maneno yale yanafanya kazi mpaka leo kwa sababu aliyeyasema hajayarudia. Wakiukubali ukurasa huo, nitashukuru. Wakiukataa, nitapanda ndege na kurudi bila cheti, na sitajuta, kwa kuwa nimejifunza nilichokuja kujifunza.

Mpe Bibi shikamoo yangu, mwambie miwani yake mpya nimeshainunua. Msalimie Mjomba Gaudensi wa Chita na ng'ombe wake. Dada Yustina mshukuru kwa kubeba barua, na umpe samaki wa kitoga, najua hataondoka bila kula. Wasalimie Mzee Melkiori na Mama Sabina kwa heshima zote.

Nitasubiri mpaka mwisho wa muda walionipa. Siku ile ikifika bila barua yako, nitajua umenijibu, na nitaenda kuliandika jibu lako hivyo hivyo.

Binti yako akupendaye,
Editha