Bati Nyuma ya Diski

Gikondo, Kigali
1992

Kwako dada yangu Sikitu,

Assalamu alaikum. Hujambo dada? Nijibu upesi kama u mzima, na safari hii siulizi kwa desturi. Nauliza kwa sababu hapa Kigali wapo watu waliokwisha kukusomea khitma, wakala pilau yako, wakapangusa midomo. Mimi ni mzima, kifua kimeacha kubana, ila baridi ya asubuhi ya vilima hivi bado inanisumbua. Mama mkubwa miguu yake inaendeleaje? Na cherehani je, imetengenezwa, au bado inaruka mishono?

Dada, nimempata Maulidi.

Kaa chini kwanza. Nimempata mumeo, yule aliyeaga kwamba anakwenda kununua vipuri, akapotea miaka mitano, akakuacha si mke si mtalaka, na Athumani wa mawese anakungoja mpaka ndevu zimeota mvi. Unajua nilivyomtafuta Bujumbura mwaka mzima. Nilipokata tamaa ndipo nikaja huku kutafuta riziki tu, nikapata kazi kwenye gereji hii ya Gikondo. Kumbe mbaya wangu yuko ng'ambo ya pili ya mji, Nyamirambo, anaitwa fundi Omari. Hatukuwahi kukutana kwa sababu siku hizi mtu haendi mahali bila shughuli. Vita viko kaskazini, lakini vizuizi vya askari viko hapa hapa, na kwa mgeni kama mimi kila kizuizi ni maswali.

Sikumjua kwa sura. Nilimjua kwa kazi ya mikono yake.

Wiki iliyopita alikuja mzee mmoja mfanyabiashara wa mchele, Mzee Habibu, na Pijo yake nyeupe. Alikuwa ametoka njia ya Kagarama, akafika kwenye kizuizi, akakanyaga breki, gari likatikisika lote, usukani ukamponyoka, likaja kusimama kamba ya kizuizi ikiwa imelala juu ya boneti. Askari wakakoki bunduki.

"Umva, fundi, sikiliza," akaniambia kwa Kiswahili chao, ambamo feri ni breki na vola ni usukani. "Nikikanyaga feri, vola inacheza kama iko na shetani. Bila feri gari iko muzuri tu. Walitaka kunirasa na bunduki kwa bariyeri, sha!"

Nikapanda nikalijaribu. Hilo alinifundisha Maulidi mwenyewe, na nitampa haki yake hapo tu: usifungue kitu kabla hujaliuliza gari. Nikaenda bila breki, kimya. Nikavuta breki ya mkono polepole, ambayo inashika magurudumu ya nyuma, kimya. Nikakanyaga breki ya mguu, usukani ukanitikisa mpaka mabegani. Basi ugonjwa uko mbele, kwenye diski. Nikapiga jeki. Nati za gurudumu zilikataa kulegea, zilikuwa zimekazwa na mtu aliyesimama juu ya spana akarukaruka. Hapo tayari nilimkumbuka Maulidi, lakini wanaorukia spana ni wengi. Nikashika chaki karibu na diski huku naizungusha. Ikagusa upande mmoja, upande wa pili haikugusa. Diski ilikuwa imekaa kombo.

Nilipoitoa kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu, nyuma yake kikadondoka kipande cha bati. Bati la kopo la maziwa ya unga, limekatwa umbo la mwezi mwandamo, pembe moja imekunjwa lisiteleze.

Unalijua bati hilo, dada. Ulilia kwa ajili yake. Nani mwingine duniani aliyekuwa akichukua mkasi wako wa nguo, ule wa marehemu mama, akakatia makopo ya maziwa mpaka ukashindwa kukata hata uzi? Diski ikipinda, yeye haipeleki kuchongwa. Anapachika bati nyuma ili ijifanye imenyooka, mteja anaondoka anacheka. Wiki chache tu bati linapondeka kwa joto, na gari linatetemeka kuliko mwanzo. Hata wewe alikuoa hivyohivyo.

Nikamwuliza mzee, kwa sauti ya upole ambayo sikujua kama ninayo, ni nani aliyemfungia breki zile.

"Omari wa Nyamirambo. Mutu muzuri, maskini. Ataoa binti yangu. Bibi yake alikufa kule Ujiji, kolera ilimuua. Tulimusomea khitma kwangu, nyumba ilijaa watu."

Nilitaka nishike spana niende kwa miguu mpaka Nyamirambo nikampasue kichwa. Nikajizuia, siyo kwa wema, bali kwa sababu mtu aliyepasuliwa kichwa huonewa huruma, na mimi sikutaka apate huruma ya mtu yeyote. Nikamwambia mzee gari litakuwa tayari kesho, lakini aje na fundi Omari, aone kilichoharibika ili asije akarudia kwa wengine. Mzee akanisifu kwamba nina heshima ya kazi. Nikamwitikia, "Ndiyo, Mzee."

Gari lile nililitengeneza kama la baba yetu. Diski zote mbili nilizipeleka kwa mchonga vyuma zikanyooshwa. Nikasugua kutu ya habu kwa msasa mpaka ikang'aa, nikafunga bila bati, nikakaza nati kwa kukingamanisha, hii halafu ile inayoikabili, kwa nguvu ya mkono tu. Sikutaka Maulidi apate pa kutia neno. Kila nati niliyokaza nilimtaja jina, na wala sikuwa namwombea dua.

Alhamisi wakaja. Amenenepa, dada! Kanzu nyeupe, hina ndevuni, ananukia udi. Hakunijua, maana aliniacha sina hata ndevu, na uso wangu ulikuwa umejaa grisi. Mzee akashika usukani, Maulidi akakaa mbele, mimi nyuma yake. Tukaenda mpaka mteremko wa Kagarama, gari likashika kasi, mzee akakanyaga breki kwa nguvu. Likasimama kimya.

"Yewe!" mzee akafurahi. "Omari, wewe ilikushinda nini?"

"Diski zilikuwa mbovu, Mzee. Za zamani hizi."

Nikanyoosha mkono, nikaliweka lile bati juu ya paja lake, juu ya kanzu nyeupe, na grisi yake.

"Shemeji," nikamwambia, "hili lako. Dada Sikitu anakusalimu. Anauliza utamnunulia lini mkasi."

Laiti ungeiona shingo yake. Hakugeuka, jasho tu lilikuwa linamteremka kwenye kola. Aliyegeuka ni mzee.

"Sikitu? Sikitu binti Rajabu? Si ule tulisomea khitma?"

"Ndiye, Mzee. Dada yangu, tumbo moja. Yuko Ujiji anashona nguo. Hajafa hata siku moja."

Mzee alizima gari palepale barabarani. Maulidi akaanza, oh Mzee shetani alinipitia, oh nilitaka kukueleza. Mzee hakumjibu yeye, alinijibu mimi. "Kama alizika bibi iko muzima," akasema, "binti yangu atamuzika siku gani?"

Harusi iliishia pale. Lakini mzee hakuridhika, na mimi nilikuwa bado kabisa. Alimpeleka moja kwa moja msikitini kwao Nyamirambo, na baada ya sala ya alasiri akamsimamisha mbele ya walewale waliokusomea, aseme kwa mdomo wake kwamba mkewe yu hai. Alisema huku anaangalia mkeka. Halafu kikongwe mmoja pale nyuma akauliza, "Sasa ile pilau tulikula ilikuwa ya nani?" Msikiti mzima ukaangua kicheko, hata shekhe alijifuta macho. Maulidi angepigwa kofi asingeumia vile. Nilifurahi, dada. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, kisha nikaendelea kufurahi.

Shekhe akasema talaka ya kulazimishwa haisihi, kwa hiyo achague kwa ulimi wake: arudi Ujiji akakae na wewe kwa wema, au akuache kwa wema. Naapa nilitamani achague kurudi, ili njiani tuwe wawili tu. Akakuacha. Mashahidi wapo, cheti cha shekhe nimekitia humu. Eda yako ihesabu tangu Alhamisi hiyo.

Alinifuata nje. "Kassimu, umeniharibia. Hapa mjini nani ataniletea gari tena?" Nilitafuta huruma moyoni, nikaikosa. Nikamwambia, "Bado mkasi." Akanifuata sokoni kama mbuzi. Akachukua ule wa bei ndogo, nikaurudisha. Akachukua mwingine, nikaurudisha. Mpaka aliponunua ule mzito mweusi wanaotumia mafundi cherehani wenyewe, ndipo nikamruhusu aende zake.

Mletaji wa barua hii ni dereva wa lori wa kwetu, mkasi anao, umefungwa kwenye gazeti. Usimwazime mtu. Ukakate kwanza nguo ya harusi yako.

Nisalimie Mama mkubwa mlezi wetu, umwambie miguu aikande kwa mafuta ya moto. Nisalimie shangazi, na binamu Juma mchuuzi wa dagaa. Athumani wa mawese mwambie avumilie eda iishe. Mimi ndiye walii wako, na vizuizi vikiniachia njia nitakuja kukuozesha kwa mkono wangu.

Na ile khitma, dada, usiikatae. Imeshasomwa, na pilau imeshaliwa. Iweke akiba. Mungu akupe umri mrefu, uje kuihitaji baada ya kula pilau ya khitma ya Maulidi mwenyewe.

Mimi mdogo wako, ambaye bado sijamsamehe,
Kassimu Rajabu