Nilimjibu Daktari Mbele ya Watu

Wamaza, tarehe 9 Juni

Kwako kaka yangu, Yaya Placide,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, Wifi Emmanuella na watoto. Sisi huku tunapumua. Mihogo imekubali mwaka huu, na paa ulilotusaidia kulibadilisha bado halivuji. Afya yangu unaijua, maana ndiyo iliyokufanya unitumie maneno makali kwa mdomo wa dereva wa pikipiki. Akiniletea chumvi huwa namshukuru. Safari hii aliniletea matusi ya kaka yangu, tena mbele ya majirani.

Umesikia huko sokoni Kasongo kwamba nimeonyesha titi langu kwenye simu. Ni kweli. Uvimbe ulianza kama punje ya karanga, sasa ni kokwa la ngazi, lile tunda la mchikichi. Muuguzi wetu Laetitia aliupiga picha chumbani mwake, mlango umefungwa, akaituma kwa daktari wa huko kwenu. Lakini unakijua kijiji: rezo ya simu inapatikana kilimani tu, nyuma ya kanisa, na anayengoja zamu ya kupiga husikiliza simu ya mwenzake. Tena simu ya kituo cha afya sikio lake limekufa, inasema kwa sauti kubwa tu.

Siku tuliyompigia daktari kulikuwa na watu kama ishirini pale. Kwetu, simu ikiwa ya mkubwa, lazima asalimiwe. Wakasogea wote. Mzee Célestin alimsalimia kwa niaba ya kijiji, akamuuliza na habari za ukoo wake, mpaka Laetitia akamwomba aache kwa sababu chaji inaisha. Ndipo daktari akaanza kuniuliza: uvimbe una muda gani, chuchu inatoa maji, katika ukoo kuna aliyewahi kuugua hivyo. Laetitia akaninong'oneza kwamba tunaweza kukata, turudi siku nyingine. Nikamwona mama mmoja amejifunika mdomo kwa kitenge. Nikajibu yote, na kwa sauti.

Mzee Célestin akasema, “Munganga mwenye hashike mutu, iko munganga gani?” Watu wakacheka. Nikamwambia yule munganga wa mizizi amenishika miezi minane, na uvimbe umezidi kukua.

Daktari mwenyewe hakujifanya anajua kila kitu. Alisema simu haitoshi, nije Kasongo wanipapase, wachukue kipande wakapime, na nisichelewe. Wewe umeagiza nisije, eti nimelivua nguo jina la baba. Nakuheshimu, Yaya, wewe ni mkubwa wangu, lakini titi si la baba.

Sasa nikwambie jambo ambalo daktari alilisikia kabla yako. Alipouliza habari za ukoo, nilisema: mama yangu. Ndiyo, Yaya. Mwaka mmoja kabla hajafa, Mama alinionyesha uvimbe wake tukiwa mtoni, akaniapisha nisimwambie mtu, hasa ninyi wanaume. Nikafunga mdomo. Kwenye matanga, mliposema Shangazi Régina ndiye aliyemloga Mama, mke wa kaka yake, mkamfukuza akaenda Salamabila na kapu moja, nilikuwa nimekaa mkekani. Nilijua, na nikaendelea kunyamaza. Sina la kujitetea. Aibu ya siku ile ninayo mpaka leo. Ya kilimani sina.

Nimemwandikia Shangazi kabla ya kukuandikia wewe, nikamweleza kila kitu na kumwomba radhi. Hakunitukana. Aliuliza tu naondoka lini. Ijumaa atafika hapa, na Jumatatu tutapanda pikipiki pamoja kuja Kasongo. Tutabisha kwako kwanza. Ukitufungulia, utamwomba radhi kama nilivyomwomba mimi. Usipotufungulia, hospitali tunaijua.

Wote hapa wanakusalimu, hata waliocheka. Msalimie sana Wifi. Na binti yako Sarah-Grâce, ambaye amekua sasa na ana damu ya bibi yake, mwambie shangazi yake amesema hivi: siku akiona kitu mwilini mwake, aseme. Mtu yeyote asimwapishe.

Mimi mdogo wako,
Odile