Mlango Mfupi wa Jikoni

Columbus, Ohio
Februari 2016

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta maumivu ya mguu yamepungua, na kaka Yusufu amekwisha kukutengenezea kile kitanda alichokuahidi. Mimi ni mzima, ingawa barafu ya njia za hapa inamtaka mtu ajifunze kutembea upya.

Uliniuliza kwenye simu nikueleze, bila kuzungukazunguka, neno "kuhamishwa" lina maana gani kwetu sisi tunaolichunguza. Nakujibu hivi. Kuhamishwa si kusafiri, kwa kuwa msafiri huacha nyumba inayomngoja. Si kukimbia, kwa kuwa anayekimbia hajapangiwa pa kufikia. Kuhamishwa ni kuondolewa mahali kwa mpango wa mtu mwingine, ambaye ameshaamua utakapolala kabla hujafunga mzigo, na ambaye atapabomoa ulipotoka. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayolitenga neno hili na mengine. Nimekuwa nikiiandika katika kila ripoti bila kuitazama sana.

Najua kwa nini uliuliza. Watu wa mradi wa reli wamerudi, wamekuonyesha picha ya nyumba ya matofali yenye umeme kule mlimani, nawe umewaambia hutajibu mpaka mwanao asomaye mambo haya aseme neno. Nimechelewa kulisema. Nitalisema humu, lakini itabidi kwanza nikusimulie kilichonichelewesha.

Kazi yangu hapa chuoni, kama ujuavyo, ni kuchunguza jinsi nchi jirani za Asia zinavyoshirikiana kiuchumi, kwa barabara moja, bwawa moja la umeme, soko moja, na mageuzi ya kijamii yanayofuatana na ushirikiano huo: shule, zahanati, hati za ardhi kwa wanawake. Mengi katika hayo ni mema na siwezi kuyabeza. Mwaka jana tulipokea video kutoka kijiji cha milimani kilichohamishwa kupisha bwawa la nchi mbili. Mwenzangu wa ofisini, Noi, anayeijua lugha ya watu wale, alikuwa akinitafsiria. Mama mmoja alikuwa akiwaletea wageni chai. Alipofika katikati ya sebule aliinua mguu juu, kama anayevuka kizingiti, akaendelea na safari yake. Sakafu ilikuwa tupu, ya saruji. Mzee aliyemfuata akavuka vilevile, mahali pale pale. Noi alicheka, akasema nyumba zao za zamani zilikuwa na vizingiti virefu, na miguu haisomi ripoti. Nikaandika pembeni: mazoea.

Ni maelezo mazuri, na niliyashikilia hadi nilipofika Louisville.

Nilitumwa huko kwa ajili ya kulinganisha, kwa sababu nazungumza Kiswahili na mji huo una Wakongo wengi waliopewa makazi. Nilifikia kwa Bibi Esta, mama wa rika lako kutoka nyanda za juu za Kivu Kusini, anayeishi na mwanawe, mfanyakazi wa ghala, pamoja na wajukuu. Alipokuwa akitoka jikoni na sufuria ya maharagwe, katikati ya sebule, palipo wazi kabisa, aliinamisha kichwa, akapita, akanyooka. Mwanawe alinikonyeza, akaniita shangazi kwa Kifaransa chao.

"Tantine, usishangae. Mama anasalimiaka televizyo."

"Cheka tu," Bibi Esta akamjibu. "Ni wewe ulikuwa unajigongaka kichwa pale kwa mlango ya kwetu kila siku."

Nilimuuliza tangu lini anafanya hivyo. Hapo ndipo mazoea yaliponiponyoka. Miaka yote ya kambini Burundi alitembea wima. Miaka yake ya kwanza Louisville alitembea wima. Alianza ghafla, siku moja akiwa na bakuli la sombe, yaani kisamvu, mkononi, na baadaye ndipo ilipofika habari kwamba nyumba yao kule milimani imechomwa. Nilijiambia kuwa kumbukumbu hupanga mambo upya, ikatanguliza kilichofuata. Kisha mjukuu wake wa kike, aliyezaliwa hapa Amerika na kimo chake hakijaizidi meza, akaja mbio kutoka chumbani, na alipofika pale akainamisha kichwa. Nilimuuliza kwa nini. Alinijibu kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi, kwamba asipoinama ataumia.

Kutoka hapo nilikwenda Lackawanna, kusini ya Buffalo, kwa mdogo wake Bibi Esta. Anaitwa Mama Rusi, na kazi yake ni kutunza wazee majumbani mwao. Nilimtazama siku nzima akizunguka ndani. Alikuwa wima kama mlingoti. Nilipomweleza ya dada yake alicheka mpaka akakaa.

"Dada alipoteza nyumba yake. Ya kwangu iko, shemeji yangu analala ndani. Donc, niiname juu ya nini?" Yaani basi, ainame kwa sababu gani.

Sikuwa nimemwambia kwamba hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta. Mtafiti hupenda mtu anayevunja kanuni, kwa kuwa ndiye anayeonyesha kanuni inaishia wapi; ila huyu hakuivunja, aliinyoosha. Mlango uliosimama haukumfuata mwenyewe. Niliyaandika hayo nikiwa na furaha ya kazi tu.

Mwezi uliopita Mama Rusi alinipigia simu nikiwa kwenye basi. Sauti yake haikuwa na mchezo. "Mutoto, nimeanza kuinama. Tangu jana. Bon, habari ya kwetu sijapata, lakini wewe andika." Niliandika pale pale. Siku chache baadaye shemeji yake alimpata kwa simu. Mvua ilikuwa imeporomosha ukuta wa mbele, na mlango na fremu yake vilikwenda na udongo. Yeye mwenyewe alikuwa salama, analala kanisani. Safari hii siwezi kuisingizia kumbukumbu, Mama. Nililiandika la kwanza kabla ya la pili kujulikana.

Sasa nije kwetu. Jumapili iliyopita, mchana, jua likiwa limewaka juu ya theluji, nilitoka kwenye jiko langu na sahani ya wali. Fleti yangu haina mlango kati ya jiko na meza, wala haijawahi kuwa nao. Niliinama. Mkono wa kushoto uliinuka wenyewe kushika fremu, pale palipolainishwa na mikono yetu sote, kwenye ule mlango mfupi wa jiko letu la nje, ambao marehemu baba aliujenga kwa kimo chake mwenyewe, nawe ukawa unawaambia wageni "Inama" kabla ya "Karibu". Nilikuwa nimeshapita upande wa pili kabla sijaelewa nilichofanya.

Tangu hapo nimejaribu kupita nikiwa nimenyooka. Sisemi kuna kitu kinachonizuia. Nasema tu kwamba sijafanikiwa. Juzi nilimwalika Noi chakula. Alinitazama nikileta mchuzi, na safari hii hakucheka. Aliweka kijiko chini akaniuliza kama nyumbani ni wazima.

Neno langu kuhusu mradi, basi, ni hili. Usihame peke yako kwa kuwa umeahidiwa kiwanja kizuri ukiwatangulia wengine. Hama pamoja na mtaa mzima, siku moja, au usihame. Matofali yao ni imara, umeme wao ni wa kweli, na zahanati itakufaa kwa mguu wako. Lakini waambie jiko la nje lisiguswe mpaka uwe umelala katika nyumba mpya, na ikiwezekana fremu ile ing'olewe nzima, uende nayo. Sina ushahidi wa kuwapa wakuu wangu kwa shauri hilo la mwisho. Nakupa wewe.

Ningeweza kukupigia simu. Nimeacha kwa makusudi. Kwenye simu huwa unatufariji, na kaka hukuashiria useme kila kitu ni shwari, lakini kwa maandishi hujawahi kuniambia lisilokuwa. Kwa hiyo barua hii anaibeba mchungaji wa Wakongo wa hapa, anayekuja Kigoma kumwona dada yake, naye atasubiri majibu yako.

Nisalimie kaka Yusufu fundi, na mkewe, mwambie kitenge nimekipata. Nisalimie shangazi wa sokoni, na mama jirani aliyenifundisha kusoma, na yule mjomba anayebishana na redio.

Sijui bado kama ni mtu anayeukumbuka mlango, au ni mlango unaomtafuta mtu, na pengine sitajua. Hilo liache, ni kazi yangu. Nijibu hili tu, kwa mkono wako, wala usinionee huruma: mlango wa jikoni bado umesimama?

Ni mimi binti yako,
Furaha