Kodiani ya Ceferino na Mashine Mpya

Jumatano, 1 Machi

Joto halijatoka mjini tangu Januari. Simu haijanyamaza tangu asubuhi — lile kundi la wanamuziki wa Santa Fe, watu mia mbili na kitu, ambao kwa kawaida huandika mtu akifa au timu ikifungwa. Leo wote wana habari moja. Sintesaiza mpya, kinanda cha umeme, imefika madukani. Analogi ya kweli, yaani sauti inazaliwa ndani ya umeme wenyewe, si kwenye hesabu za kompyuta. Na bei yake ni ya friji ndogo.

Nimesoma yote. Mpiga tromboni wa Santo Tomé kaandika: jamani, ujana wetu unauzwa kwa bei ya friji. Mwingine kamjibu kwamba friji angalau inapoza bia. Fundi mmoja wa ng'ambo ya mto, kule Paraná, kasema sauti yake ni nyembamba, haina nyama, ni ya kuchezea watoto. Saa saba mchana kaandika tena: ameagiza moja.

Mimi ninayo ya zamani. Niliinunua mwaka 1981 kwa kuuza kiwanja chetu cha Rincón. Kiwanja kizima, pamoja na michungwa. Elvira, mke wangu, alitia sahihi bila neno. Hilo neno alikaa nalo miaka thelathini, akaenda nalo makaburini.

Ijumaa, 3 Machi

Walter kaja baada ya usingizi wa mchana, kabeba boksi kifuani kama mtu aliyebeba keki. Ni mpiga gitaa wetu, mkwe wa Graciela, na Graciela ndiye mwimbaji na mwenye kundi letu la dansi tangu baba yake afariki. Kijana mpole. Nasema kijana, ana miaka arobaini na mbili.

"Profe, nimeinunua," akasema, macho chini. "Nisamehe. Mama mkwe kasema yako nzito, inahitaji watu wawili na gari. Lakini kitabu chake cha maelekezo ni cha Kiingereza, na mimi hata nikielewa sitaelewa. Nifundishe."

Nimefundisha umeme shule ya ufundi miaka thelathini na moja. Mtu akiniambia nifundishe, kinywa kinafunguka chenyewe. Nikamweleza mahali sauti inapoanzia, inavyochujwa, inavyofunguka na kujifunga kama mlango wenye chemchemi. Akashika haraka. Saa kumi na mbili alikuwa amepata sauti yangu ya filimbi nene, ile ya mwanzo wa nyimbo zetu zote za dansi ya cumbia. Ilinichukua mwaka mzima kuipata. Yeye saa mbili.

Hapa hakuna wa kusoma ila mimi, basi niandike: ni mashine nzuri. Nilitaka iwe mbaya.

Kaniachia kitabu nikisome chote, nimwambie yaliyo muhimu.

Jumapili, 5 Machi

Mazoezi, kwenye banda la klabu, saa tatu asubuhi.

Lazima nieleze jambo, ingawa sijui namweleza nani. Mashine yangu haipigwi ikiwa baridi. Ukiiwasha inayumba, noti inapanda na kushuka kama mlevi anayetafuta ufunguo, mpaka ipate moto. Nusu saa. Kwa hiyo tangu mwanzo kundi letu lina nusu saa ya kungoja mashine. Nawasha, natengeneza yerba, chai yetu chungu ya majani, kibuyu kinazunguka mkono hadi mkono, kila mtu anasema yake. Humo ndani ya nusu saa watu wameachana, wamepatana, wameomba radhi. Baba yake Graciela alitutangazia ugonjwa wake humo.

Leo Walter kachomeka waya, kabonyeza, kapiga. Basi. Nikiwa bado na birika mkononi. Hakuna aliyekaa.

Halafu wimbo wa kwanza ukatoka mchachu. Kodiani na mashine zikawa kama mume na mke wanaosimulia kisa kimoja kwa namna mbili. Wakasimama, wakarudia. Uchachu uleule. Graciela kageuka kwa Ceferino, mpiga kodiani, ambaye ni kompadre wangu — ndiye aliyemsimamia binti yangu kwenye ubatizo.

"Don Cefe, leo vipi? Umelala vizuri?"

"Nimelala kama mtoto. Nimeamka mara nne, nimelia, nimekojoa."

Wakacheka, yeye hakucheka. "Mimi niko palepale nilipo siku zote," akasema. "Niko kwa Profe."

Na ni kweli. Mwaka 1986 mashine yangu iliungua kile kifaa cha kutunia. Vipuri vya nje havikupatikana, nikaweka kingine nilichokitoa kwenye televisheni ya jirani. Tangu hapo imesimama juu kidogo ya sauti ya dunia. Kidogo tu, robo ya nusu toni. Magitaa yakatuniwa kuifuata, dakika moja. Lakini kodiani haina cha kuzungusha. Ndani yake kuna ndimi za chuma, nyembamba, mia na zaidi. Ukitaka upandishe sauti, unakwangua chuma kwenye ncha ya ulimi, mmoja mmoja, kwa tupa. Ceferino alikwangua wiki nzima, jikoni kwangu, Elvira akimpikia. Tangu hapo kundi zima linaishi juu kidogo ya dunia, na kwa kuwa tuko wote, hakuna msikilizaji aliyegundua.

Graciela kaniuliza mbele ya watu: "Profe, wewe umesoma kitabu. Hii mpya haiwezi kupandishwa kidogo?"

Nikasema: "Imetoka kiwandani hivyo."

Sikusema uongo. Imetoka kiwandani hivyo. Ukurasa wa kumi na moja, maandishi madogo, unasema ukiiwasha huku umeshika noti ya kwanza kabisa, unaweza kuipandisha au kuishusha utakavyo. Nilisoma Ijumaa. Nilisoma mara mbili.

Jumatatu, 6 Machi

Nijieleze. Jumamosi ya tarehe 18 ni dansi ya miaka arobaini ya kundi. Nilifikiri hivi: watasikia uchachu, watajikuna kichwa, watasema basi, kwa siku hiyo ileteni ya Profe, tutatafuta gari. Ni hilo tu nilitaka. Usiku mmoja. Baadaye ningemwambia Walter, pembeni: nimeona kitu huku kitabuni.

Nimeipangusa vumbi mashine. Nimeiwasha, nikaiacha nusu saa. Nikanywa yerba peke yangu.

Jumanne, 7 Machi

Hakuna aliyepiga simu.

Alhamisi, 9 Machi

Graciela kapiga. Sauti tamu, ile ya kutangaza bahati nasibu.

Kasema nisijisumbue na mashine nzito kwa umri huu. Wamenipangia meza ya mbele, na kutakuwa na bamba la shaba lenye jina langu. Nikauliza uchachu je. Kasema hilo limekwisha: ama Don Cefe atengeneze kodiani yake kufikia Jumamosi ya dansi, ama sehemu zake zitapigwa na kaka yake Walter kwa gitaa, na Don Cefe pia atapewa bamba.

"Yako imepumzika, Profe. Dunia nzima inatuni hivi, sisi tu ndio tulikuwa tumepotea."

Sisi tu. Miaka thelathini na saba watu wa vitongoji vya kaskazini wamechumbiana juu ya huko kupotea.

Ningeweza kusema palepale, ukurasa wa kumi na moja. Nilikuwa na kitabu mezani, chini ya miwani. Nikamshukuru kwa bamba.

Jumamosi, 11 Machi

Ceferino kaja asubuhi kwa baiskeli, na soseji mbili za kuchoma zimefungwa gazetini. Ana miaka sabini na nne, mimi sabini na sita, ananiita mzee.

"Mzee, nimeamua. Nazirudisha chini."

Nikamwambia anachokijua kuliko mimi. Kushusha ni kukwangua karibu na shina la ulimi, na chuma kilichokwisha kutoka hakirudi. Zile ndimi zilishakwanguliwa ncha. Sasa zikikwanguliwa na shina zitabaki kama karatasi. Nyingine zitakatika.

"Zikikatika nitapiga zilizobaki. Hata meno yangu ndivyo ninavyoyatumia."

"Kompadre, kataa. Waambie warudishe mashine yangu."

"Nilishawaambia Jumatatu," akasema. "Nilikwenda kwa Graciela mwenyewe, nikamwambia bila Profe mimi sipigi. Unajua kajibu nini? Sawa. Neno hilo tu. Sawa." Akakata soseji yake kwa kisu cha mfukoni. "Nikarudi nyumbani, nikakaa. Jumanne nikakaa. Wewe una vitabu, una waya zako. Mimi nina ile Jumamosi moja ya dansi kwa mwezi. Nikiitoa hiyo, nabaki na redio na paka. Kwa hiyo nisamehe, mzee. Nilipanda kukufuata wewe. Sasa nashuka kuwafuata wao."

Ananiomba mimi msamaha.

Halafu kanionyesha mikono. Inatetemeka, mwaka huu imezidi. Kasema hawezi tena kushika tupa. Kasema mimi nimeunganisha nyaya maisha yangu yote, mkono wangu bado umetulia, na nina ile miwani ya kukuzia.

"Kesho saa nne, kwangu. Wewe kwangua, mimi nasikiliza."

Nikasema nitakuja.

Jumapili, 12 Machi

Kwa Ceferino, jikoni. Naandika kwa penseli. Yeye katoka kununua mkate mtamu. Anasema kazi hii haifanywi na tumbo tupu.

Kodiani iko wazi mezani juu ya taulo, kama samaki aliyepasuliwa. Kang'oa nta kwa ustadi mkubwa, kazitoa ndimi kwa mpangilio, kaziweka kwenye trei ya mayai. Karibu na kila shimo kaandika jina la noti kwa maandishi yake ya darasa la nne.

Asubuhi yote nimeitunga ile sentensi. Kompadre, kuna kitu nilikisahau kitabuni. Hapana, sikusahau. Kompadre, jana usiku nimegundua. Sikugundua jana. Kompadre, nilijua tangu Ijumaa ile, nikanyamaza ili wanirudie mimi, na nilikuacha uaibike mbele ya watu. Hii ndiyo ya kweli. Nimeisema kwa sauti mara mbili, kwa paka.

Angesamehe. Ndilo linalonishinda. Angecheka, angesema yake kuhusu wazee na wivu, angenimiminia yerba. Lakini angekumbuka lile neno Sawa la Graciela, na kwamba alikwenda kulichukua kwa ajili yangu siku ambayo mimi nilikuwa nyumbani napangusa vumbi.

Alipokuwa bado hapa alinipa ulimi wa kwanza. "Noti ya la," akasema, "anza na hiyo, ndiyo mama yao." Nikakwangua mara tatu karibu na shina. Akaupuliza, akafumba macho, akasikiliza. "Bado." Mara mbili tena. "Hapo." Akanipiga bega. "Unaona? Bado tuna kazi mjini hapa." Kisha noti ya si, nayo ikashuka bila kukatika. Ndipo akachukua kofia akaenda dukani.

Kitabu ninacho, mfukoni mwa koti. Ukurasa wa kumi na moja nimeukunja pembe.

Wakati hayupo nimefanya noti za do na re. Re imeingia ufa, mwembamba, unaonekana kwa miwani yangu tu. Nimeirudisha kwenye shimo lake, upande wa ufa chini.

Nasikia lango. Anasukuma baiskeli ndani, anaimba. Anauliza tokea uani nimefika wapi.