Mrija Usio na Mafuta

Shangazi mpendwa, nisaidie kabla sijachelewa, maana mwalimu wangu wa maabara yuko kitandani, daktari ameshawaambia jamaa zake wamrudishe nyumbani, na mimi nimebeba jibu ambalo likimfikia litammaliza. Tunamwita Mzee Mafuta, kwa kuwa maisha yake yote amechunguza jinsi protini zinavyoshika utando wa seli, na utando huo ni mafuta. Tunatengeneza vitone vidogo vya mafuta, tunavichanganya na protini, tunazungusha mrija kwa mashine ya kasi mpaka vitone vizame, na protini ikizama navyo tunasema imeshika. Protini yake ilizama kila mara, akaandika, akasifiwa. Juzi nikaweka mrija tunaouita mtupu, wenye protini bila mafuta, ambao tulikuwa tumeacha kuuweka kwa kuzoea jibu, nayo ikazama vilevile, nikarudia, ikazama, maana yake huenda haijawahi kushika chochote, inagandana yenyewe tu. Mkewe, nilipomdokezea, alinishika mikono mlangoni akasema, "Mwanangu, chonde, mwache aondoke na furaha yake." Kila nikiingia mzee ananiuliza, "Na ule mtupu je?" nami namwekea mto vizuri, naongelea mvua. Ipo njia nyingine, ya kutumia maji ya sukari nzito ili vitone vielee, tuone kama protini itapanda navyo, lakini sijui kama siku zitamtosha. Nimwambie au ninyamaze? Silali, Shangazi.

Mwanafunzi wake wa mwisho

Pole, binti yangu, tena pole ya moyoni. Sasa nisikilize. Mashine zenu sizijui, ila barua yako nimeisoma mara mbili, na hujaandika popote kwamba mzee anauliza kama imeshika. Anauliza ule mtupu. Kila ukiingia! Mtu mwenye furaha yake haulizi hivyo. Ana wasiwasi, amelala nao peke yake, na wewe unahangaika na mto.

Mama wa watu usimgombeze, anampoteza mume. Mwambie tu kwamba mzee ameuliza mwenyewe. Kisha nenda kesho asubuhi, vuta kiti, uache kuzungukazunguka. Sema, "Mwalimu, ule mtupu nao umezama." Akilia, mwache alie, usikimbilie kumtafutia maji. Akitulia, mwulize hiyo sukari iwe nzito kiasi gani. Jibu la sukari huenda asilione, hilo sitakudanganya. Hili la mtupu analingoja kwako tu.