Neno "Still" na Kitenge Chako cha Njano

Mama Furaha,

Mimi ni mzima. Furaha ni mzima. Nakuandikia kwa sababu hapa Bwaise watu wanasema mambo, na huko uliko sijui habari zinafika namna gani. Zisikufikie zimepinda.

Hawa watu wananizunguka. Na mtoto wako yumo.

Ilianza kazini. Niko na kazi Kyambogo, tunajenga nyumba ya kulala wanafunzi. Nachanganya sementi. Fomani ni Mganda, akishavaa ile kofia yake anaongea Kiingereza tu. Kuna neno analipenda, "still". "Still mixing?" "Still eating?" Mimi kila kitu najibu "Yes sir." Siku moja akaniuliza, "Still sleeping?" Nikamwambia, "Yes sir." Saiti yote ikalala chini kwa kucheka. Toka hapo jina langu ni Yessa. "Yessa, lete maji." "Banange, jamani, msimwamshe Yessa." Watu ninaoweza kuwazaa.

Nikamwambia Furaha. Akajibu haraka, "Baba, nenda kwa Mama Solange." Haraka sana. Kama jina lilikuwa limekaa mdomoni linangoja.

Mama Solange unamjua, yule mjane wa Bukavu mliyekuwa mnaimba naye kwaya. Jumapili ibada ikiisha, anafundisha wazee Kiingereza hapo hapo kanisani. Bure. Nikajiuliza, bure? Kampala hii hata choo unalipia. Lakini nikaenda.

Akatueleza. "Still" ni bado, lakini si bado ya kitu tunachongoja. Ni ya kitu kilichokuwepo na hakijaondoka. Mvua imeanza asubuhi, mpaka sasa inanyesha: "It is still raining." Mimi nilikuwa nalitupa mwisho. "I work in Kyambogo still." Akasema, "Baba Furaha, usilifanye mkia. Mtu kwanza, halafu hilo neno, halafu kazi yake." "I still work in Kyambogo." Nikarudia mpaka taya likauma. Fomani alipouliza tena kama nimelala, nikamwambia, "No sir. I am still working." Akaniangalia kama tofali limeongea. Yessa bado wananiita, lakini kwa sauti ndogo.

Ingeishia hapo ningesema asante. Kuna mambo ya bakuli.

Ulipokufa, wamama wa kwaya walileta chakula. Kilio kikaisha, chakula kikaisha. Cha Mama Solange hakikuisha. Sombe ya majani ya muhogo na samaki, mawese ya kutosha, pilipili pembeni. Nani alimwambia mimi napenda pilipili pembeni? Nilimwangalia Furaha. Furaha aliangalia ukuta. Nikala. Ilikuwa tamu, sikufichi.

Wewe ndiye ulikuwa unarudisha vyombo vya watu. Mimi niliona tu haviendi tupu. Unatia nyanya, unatia chumvi. Zaidi ya hapo sikujua. Basi nikanunua ndizi soko la Kalerwe, zile ndogo za sukari, nikajaza bakuli lake. Mvua inanyesha, maji ya mtaro yako njiani. Nikafungua sanduku lako, nikavuta nguo ya kwanza, nikafunika. Kitenge chako cha njano.

Nguo zako hazijagawanywa, ujue. Dada zako ndio wangefungua sanduku siku ya kumaliza kilio, lakini wako Uvira na njia ni mbaya. Nililiacha vile ulivyolifunga.

Nikapeleka mwenyewe. Kwaya yote ilikuwa kwake, wanafanya mazoezi. Waliponiona na kile kitenge wakapiga vigelegele. Nikafikiri wanashangilia ndizi.

Kesho yake Mama Beti, yule mwenye sauti ya juu, akanisimamisha barabarani mbele ya watu: "Bwana arusi! Kwaya tushone rangi gani?" Nikacheka tu. Sikujua nacheka nini.

Furaha ndiye alinieleza. Nguo ya marehemu haitoki sandukuni kwa mkono wa mume. Mume akiitoa akampa mwanamke, basi amemtaja. Huyu ndiye anakuja kukaa mahali pa yule. Haongezi neno lingine.

Nikamuuliza, wewe ulikuwa hapo kwenye jiko, uliona nafungua, mbona ulinyamaza? Akasema, "Nilidhani umeamua, Baba." Halafu akaanza kupepea moto. Moto ulikuwa unawaka vizuri.

Hapo nikaona yote. Darasa, sombe, pilipili, mtoto wangu mwenyewe. Nikasema wamenitega kama panya. Na huyo Mama Solange, kitenge anacho, amekaa kimya. Mwanamke anayenyamaza na kitu cha watu anataka nini?

Jumapili nikaenda nimekasirika. Kwaya wamekaa nyuma, wao ambao hawasomi. Walikuja kuangalia. Mama Solange akasema kila mtu atoe sentensi na "still", ya kweli, ya nyumbani kwake. Mzee wa mbele akasema, "My roof is still leaking." Tukacheka, paa lake tunalijua. Ikafika kwangu. Nikasimama.

"I still have a wife."

Nilisema kwa nguvu. Mama, kwaya wote waliinamisha vichwa. Hata Mama Beti. Mama Solange alikuwa anaangalia chaki mkononi mwake. Akasema, "Liko mahali pake." Akaita mtu mwingine.

Watu walipotoka akaniita mlangoni, pale wote wanaona. Akanipa kitenge. Kimefuliwa, kimepigwa pasi. Akasema polepole, wao wasisikie: "Shemeji, nilijua ni mvua tu. Ningekirudisha siku ile, wangesema nimekukataa. Mtaa huu ungepita wapi? Nikangoja useme mwenyewe."

Nilikuwa nimebeba maneno makali toka nyumbani. Sikupata pa kuyaweka. Nikasema asante. Akaenda kufunga madirisha.

Furaha hajui hilo. Anadhani nimemkasirikia mwalimu. Acha adhani.

Lakini sasa ndiyo nashuku zaidi, na si huyo mwalimu. Mtu mbaya najua kumkwepa. Huyu si mbaya. Alibeba aibu yangu wiki nzima na hakusema. Kurudi nyumbani nilipita njia ndefu, na katikati ya njia nikajikamata nafikiria vile alivyoshika ile chaki. Wewe nikuambie tu. Nilisimama hapo kwenye matope nikajitukana.

Sombe ya juzi nimemwambia Furaha asipokee. Alipokea. Nilikula kidogo.

Sanduku nimelifunga na kamba. Litangoja dada zako.

Lala, mama. Ile sentensi niliyosema kanisani, leo ni ya kweli. Nakuahidi kitu kimoja. Siku ikianza kuwa uongo, sitamwambia Furaha kwanza, wala kwaya, wala huyo mwanamke. Nitakuja pale tulipokulaza, mchana, nivue kofia, nikuambie wewe. Hata kama nitasema vibaya.

Ni mimi, mume wako,
Baba Furaha