M ya Mama

Kwa mama yangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Natumai magoti yamepoa na sasa unashuka ngazi bila kushika ukuta. Mimi mzima wa mwili. Moyo ndio mbaya, na nimeandika kwa kuwa kwenye simu nitalia.

Unakumbuka ukipika halua ulivyokuwa ukiniita nije jikoni, "Ndoo utazame, shira yapota!" Ukiimimina kwa upawa huku ukiinua mkono, na uzi wa shira ukijipota mara tatu, ndipo ukaipua. Hiyo ndiyo kazi yangu huku: hesabu za nyuzi nyembamba za vitu vizito vinavyomiminika, zinavyonyooka, zinavyojikunja, zinavyokatika. Viwandani nyuzi za nguo hutengenezwa hivyo. Wenzangu wote katika hesabu zao waliuweka mkono unaomimina mahali pamoja. Mimi nikauinua kama wewe, na majibu yakakubali. Kimo cha mkono kutoka chini nikakiandika kwa herufi m, ya mama. Miaka miwili nimeihangaikia sura hiyo ya tasnifu yangu.

Nilimwonyesha Athmani peke yake. Athmani huyu wa Chundwa ninayesoma naye, uliyemlisha Idi mbili akakuita mama mpaka nikaona wivu. Nilimwazima daftari anisahihishie. Wiki iliyopita akasimama mbele ya mkutano wa wanahisabati na hesabu zangu, mstari kwa mstari. Mtu akamuuliza kwa nini m. Akatabasamu, akasema ni ya mama, kwamba alijifunza kwa kumtazama mamake akipika halua.

Mamake! Si halua hununua kwako?

Nilimfuata nje. Akanambia, "Rukia, sisi si wamoya? Yako na yangu ya nini?" Nimemchukia, mama, sikufichi. Mwalimu wetu anataka ushahidi kuwa kazi ni yangu, la sivyo niitoe sura hiyo nianze upya. Daftari analo Athmani, na anasema limepotea.

Nisalimie ami Shee wa dukani, na shangazi wa madrasa. Mdogo wangu Swafia mwambie asome hesabu kwa bidii, ila daftari lake asimwazime mtu.

Athmani atakupigia simu Ijumaa, kama kawaida yake. Akikuita mama, usiitike.

Mwanao akupendaye,
Rukia